Mashine Yangu Ni Nyeusi

Dada yangu Margareta hajawahi kuibiwa kwenye gunia. Nasema gunia, kwa sababu kwingine ameibiwa kama sisi wengine wote, lakini gunia la mchele halijamweza. Anatembea na bambo lake, kile chuma chenye ncha na mfereji wa kuchotea punje, amelichomeka kwenye mkunjo wa kitenge kama askari na sime yake. Akitokea kwenye mashine ya kukoboa pale Katindiuka, kwetu Ifakara, wenye magunia wanaanza kukohoa bila mafua.

Wanunuzi wengine huchoma gunia juu, karibu na mshono, kwa sababu ndipo mkono unapofika bila kusumbua kiuno. Margareta huinama akachoma chini. Husema mwizi ana akili, hawezi kuweka chenga mahali pa kuonekana. Kuna bwana mmoja wa Mkula alileta gunia ambalo juu lilikuwa mchele wa Supa mtupu, linanukia mpaka barabarani. Margareta akainama, akachoma chini, akamimina punje kiganjani, akanusa, akatafuna moja. Kisha akainua uso kwa heshima zote.

"Shikamoo baba. Hawa wa chini ni ndugu na wa juu, au ni wapangaji tu?"

Yule bwana alifunga gunia lake mwenyewe, na tangu siku hiyo huuza mchele wake hukohuko Mkula.

Watu huniuliza dada yangu alipata wapi ujanja huo. Nawajibu: tazameni ukoo. Yeye aliishia darasa la saba. Mimi nilifika kidato cha pili, na ningefika mbali zaidi kama ile shule isingekuwa na walimu. Baba yetu alituteremsha kutoka upande wa Mahenge tukiwa wadogo, akatugawia urithi mapema: mimi akanipa mdomo, Margareta akampa pua.

Lakini bambo ni nusu tu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kanuni ambayo wafanyabiashara wote wa mchele wa Ifakara wanaijua, ila yeye ameishika kama amri ya kumi na moja: mnunuzi haelezi shida yake. Ukimwambia mwenye mchele kwamba una harusi Jumamosi, umekwisha, atakupangia bei ya harusi. Ukimwambia unatafuta wa kulisha wanafunzi, atakutolea ule wa kuku. Kwa hiyo sokoni Margareta anauliza kila kitu wala hajibu kitu. Siku alipokwenda kutafuta mchele wa msiba wa baba yetu, muuzaji alimwona macho mekundu, akamuuliza kulikoni.

"Moshi wa kuni," akajibu, akachoma gunia chini.

Kanuni hiyo imemlisha, imemvika, imemsomeshea binti. Sasa ngojeni niwaambie jinsi ilivyomkaba koo.

Ilianzia Dar es Salaam, tulikokwenda kwenye harusi ya mtoto wa baba mdogo. Asubuhi Margareta akatumwa dukani kununua sukari. Akakaa huko mpaka chai ikapoa. Nikamfuata. Nikamkuta amesimama mbele ya mfuko wa mchele wenye picha ya tembo na jina la mtu tusiyemjua, ameingiza pua pale penye mshono, amefumba macho.

"Kaka," akaniambia, "huu ni wangu. Ni ule wa bondeni, wa shamba la Kabula, niliouanika mwenyewe."

Mwenye duka akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka tu. "Mama, umeandikwa wapi?"

Tulirudi Ifakara na swali hilo. Margareta hakulizungumza, lakini ukimtazama akianika mpunga ungeona linamtembea kichwani kama mdudu ndani ya gunia. Miaka yote amechagua, amepembua, amekesha na mvua isiloweshe turubai. Kisha mchele unavuka daraja la Kidatu na kubadilishwa jina kama mtoto wa kambo. Mwaka huu akasema basi. Akaomba nafasi mezani kwenye maonyesho ya Nanenane, Morogoro, akapewa, kwa sharti moja: mchele uwe kwenye mifuko yenye lebo. Asiye na lebo hana meza.

Akaenda steshenari. Kijana wa huko akamtengenezea lebo nzuri kabisa, ya rangi, yenye picha ya mama amevaa kofia ya majani iliyochongoka kama paa la msonge, nyuma yake nyati ndani ya maji.

"Huyu ni nani?" Margareta akauliza.

"Mkulima wa mpunga, mama."

"Wa wapi? Mimi simjui. Na mchele wangu haumjui."

Hapo ndipo alipoapa kutengeneza lebo yake mwenyewe. Kulikuwa na ofisi moja mjini inabadilisha kompyuta, inauza zile za zamani. Margareta akanunua moja, kubwa, nyeusi, ya kukaa mezani, na printa yake. Akaiweka sebuleni, akaifunika kitambaa cha kufumwa, na mumewe Stanislaus akapigwa marufuku kuegemeza jembe karibu.

Mtaalamu wa mtambo huo alikuwa Eveline, binti yao, anayefanya kazi ofisi ya shule moja upande wa Chita na hurudi nyumbani Jumamosi. Eveline akachora lebo safi: picha halisi ya mama yake ameshika bambo, na chini yake maandishi, "Mchele wa Margareta, Katindiuka, Ifakara." Tukapiga vigelegele. Akabonyeza ili ichapwe. Mashine ikaganda. Mshale ukasimama katikati ya paji la uso la Margareta, ukakataa kusogea. Wakaizima, wakaiwasha, ikaganda tena, safari hii kwenye kidevu.

"RAM ni ndogo, mama," Eveline akasema.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni kumbukumbu ya kufanyia kazi. Tuseme hivi. Ghala lako ni kubwa, si ndiyo? Lakini ukitaka kuanika, unaanika kwenye turubai. Turubai likiwa dogo, hata ghala lijae vipi, utaanika debe moja moja. Hii mashine ghala inalo. Turubai ndilo dogo, na picha yako ni kubwa."

Margareta akaelewa mara moja. Kosa la Eveline ni kwamba alieleza vizuri mno. Mtu akishaelewa turubai, anaona hana cha kuuliza tena. Anakwenda kununua turubai.

"Usinunue kitu, mama," Eveline alimwambia akipanda basi la Chita. "Wiki ijayo nitafungua boksi, nitazame ndani imezoea kula nini."

"Imezoea kula nini? Kwani ng'ombe?"

"Mama, nisubiri."

Hakumsubiri. Fuso la kwenda Morogoro lilikuwa linapakia Jumapili baada ya misa, na Margareta hajazoea kumaliza kazi siku ya safari. Katikati ya wiki akanipitia, tukaenda kwa Jeremia.

Jeremia ni kijana wa Kisukuma. Baba yake alishuka bondeni na ng'ombe, yeye akashuka na bisibisi. Kibanda chake kiko karibu na stendi, kimejaa simu zilizopasuka vioo na kompyuta zilizofunuliwa matumbo. Mimi humtania kwamba kwao walihesabu mali kwa mikia, yeye anahesabu kwa nyaya. Naye hunijibu kwamba nyaya hazili mpunga wa jirani. Ni kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba," akasema Margareta. "Una RAM?"

"Zipo, mama. Mashine yako ni ya aina gani?"

Nikamwona dada yangu anavyokaza uso. Nikaujua uso huo. Ni uso wa moshi wa kuni.

"Mashine yangu ni nyeusi," akasema.

Jeremia akatabasamu. "Sawa, mama. Lakini ni ya mwaka gani? Ya mezani au ya kupakata?"

"Wewe unauza au unaandikisha watu?"

"Nauliza ili nikupe inayofaa."

"Nionyeshe ulizo nazo, inayofaa nitaijua mwenyewe."

"Mama, hizi zinatofautiana. Unataka kuifanyia kazi gani?"

Lo! Hilo ndilo swali lenyewe. Kwa mfanyabiashara wa mchele wa Ifakara, hapo muuzaji amekwishavuta kisu. Margareta akanigeukia, akaninong'oneza, "Umeona? Anatafuta bei ya harusi." Kisha akamwambia Jeremia kwa sauti ya barafu, "Nitolee kubwa kuliko zote, na mpya kuliko zote."

Jeremia akanitazama mimi. Nikatazama paa. Akatoa kiboksi kidogo, ndani yake kibao chembamba cha kijani chenye meno ya dhahabu upande mmoja. Margareta akakiweka kiganjani. Akakigeuza. Akakisogeza puani akakinusa, huku mama mmoja aliyekuja kutengenezesha simu akifuata kila kitu kwa macho. Nilidhani atakitafuna.

"Ni kikavu," akasema. "Funga."

"Mama, ukifika nyumbani kisipoingia—"

"Kitaingia."

Hakikuingia.

Shemeji yangu Stanislaus anachonga mipini ya majembe. Ni mtu mpole asiye na ugomvi na mtu yeyote, ila na kitu kinachokataa kuingia kwenye tundu lake. Alifungua boksi kwa bisibisi ya cherehani, akachomoa kile kibao cha zamani, akaweka kipya, akasukuma. Kikagoma. Akainama akatazama. Katikati ya yale meno kuna pengo, na kwenye tundu kuna kijiukuta ambacho pengo hilo linapaswa kukikalia. Pengo na kijiukuta havikukutana. Vilipishana kidogo tu, kama mtu na shemeji yake asiyempenda wanavyopishana mlangoni.

"Wameteleza kiwandani," Stanislaus akasema.

"Wewe unaweza kurekebisha?" Margareta akauliza.

Ungemuuliza samaki kama anaweza kuogelea. Miaka yote hiyo Stanislaus hajaona jembe lililokataa mpini na kushinda. Akaleta tupa. Akapima kwa jicho, akachonga pengo jipya pale kijiukuta kilipo, taratibu, kwa upendo, akipuliza vumbi la dhahabu. Mimi nilisema tupa si dawa ya jambo hili. Nilisema moyoni, lakini nilisema.

Akasukuma tena. Kikaingia kwa mlio wa mfupa wa kuku. Tukapiga makofi. Margareta akawasha.

Kioo kikabaki cheusi. Ndani ya boksi kikaanza kilio, pii, pii, pii, kama jogoo mwenye mafua. Stanislaus akachomoa waya ukutani. Margareta alivuta kile kitambaa cha kufumwa, akaifunika mashine yake polepole, jinsi tunavyofunika vioo kwenye msiba, akaenda kukaa ghalani na mifuko yake. Ile mifuko ilikuwa tayari, imejazwa, imeshonwa, myeupe pee. Haina jina.

Jumamosi Eveline aliingia na begi bado begani, akafunua kitambaa, akafungua boksi, akakichomoa kile kibao, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani amechonga hiki?"

Stanislaus akaanza kuhesabu kuku nje.

"Baba?"

"Nimekirekebisha kidogo tu," Stanislaus akasema.

Eveline akakiweka chini, akakaa. Nilidhani analia. Kumbe ni mabega tu yanayocheka, mdomo umejizuia. Kisha akamulika tundu kwa simu, akapuliza, akasema tuna bahati, halijapasuka. Akarudisha kile kibao cha zamani. Mashine ikawaka, ikatuonyesha Margareta na bambo lake, ikaganda kwenye paji lake la uso kama kawaida. Hatujawahi kufurahia kuganda namna ile.

"Sasa tazama, mama," Eveline akasema, akavilaza vibao viwili pamoja mezani. "Hiki cha zamani ni DDR3. Hiki ulichonunua ni DDR4. Mapengo yao yamewekwa mbalimbali makusudi, ili mtu asichomeke kwa makosa. Siyo kwamba kimoja kibovu. Hiki kipya ni kizuri zaidi, ila hakikuzaliwa kwa ajili ya nyumba hii. Mazabodi, ule ubao mkubwa wa ndani, ndiyo inayochagua, siyo pesa yako. Halafu kuna tundu moja liko wazi, na kila tundu lina kiasi chake linachoweza kubeba, huwezi kujaza tu. Na mwendo pia. Ukifunga maksai mwepesi na mzito kwenye nira moja, wote wanatembea kwa mwendo wa mzito."

Margareta hakusikiliza maksai. Alikuwa amekichukua kile kibao cha zamani, amekilaza kiganjani, anasoma vimaandishi vya kikaratasi kilichobandikwa juu yake kama anavyosoma punje.

"Kwa hiyo," akasema, "hiki kilikuwa humu ndani siku zote."

"Ndiyo."

"Na kimeandikwa."

"Kimeandikwa kila kitu, mama."

"Nimekwenda sokoni bila sampuli," akasema. Akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye bambo lililosahaulika. "Kaka, mimi! Nimenunua gunia kwa kutazama gunia!"

"Basi nenda nacho," Eveline akasema. "Ila Jeremia atakuuliza mashine ina umri gani na unaifanyia nini. Umjibu."

"Nimjibu?"

"Yote."

Pale ndipo nilipomwona dada yangu amekamatwa kweli. Mafuriko ameyaona, mpunga umewahi kuozea mikononi mwake, hakutikisika. Lakini kusimama mbele ya muuzaji na kutaja shida yako kwa mdomo wako, kwake ni sawa na kuvua kitenge njiani. Alikwenda ghalani akaitazama ile mifuko myeupe. Akarudi.

"Stanislaus, lete baiskeli."

Tulilitia boksi zima ndani ya gunia la mchele, tukalifunga kwenye karia. Stanislaus akakokota, mimi nikashika nyuma ili lisiyumbe, Margareta mbele. Njia nzima watu wanauliza: "Mama Eveline, Supa hiyo?" Naye hajibu. Alikuwa anaweka akiba ya majibu.

Kwa Jeremia palikuwa na wateja. Nilifikiri atasubiri waondoke. Akasubiri kidogo. Hawakuondoka, Ifakara mtu akishaona boksi la kompyuta linatoka kwenye gunia, hana tena haraka ya kwenda popote.

"Shikamoo mama," Jeremia akasema.

"Marahaba. Mashine yangu ni nyeusi," akaanza, kwa mazoea. Akalisukuma boksi mbele ya Jeremia. "Ni kuukuu. Nimeinunua ofisini, walikuwa wanaitupa. Ina tundu moja wazi. Inakula hii hapa." Akafungua fundo la kitenge, akatoa kibao cha zamani, akakiweka mbele yake. "Nataka nichape lebo ya mchele wangu. Yenye jina langu. Fuso linaondoka kesho, na bila lebo sina meza. Ndiyo shida yangu, sina nyingine."

Nami nikajiandaa kusikia bei ya harusi.

Jeremia alisoma kile kikaratasi, akainama chini ya meza, akaanza kupekua kwenye ndoo ya mizoga ya kompyuta. "Mpya ya aina hii sina, mama. Ila kuna mashine ya umri wa yako ilikufa, yake bado nzima." Akatoa kibao chenye vumbi, akakifuta kwa shati, akavilaza viwili pamoja. Pengo juu ya pengo. Maandishi yaleyale, mwendo uleule. "Nacho hata hakifikii bei ya kile cha kwanza."

"Kile cha kwanza utakipokea?" Stanislaus akauliza kwa sauti ndogo, akakitoa mfukoni.

Jeremia akakitazama pale tupa ilipopita. "Mzee, hiki mmeking'oa jino."

Hakikupokelewa. Sasa hivi Stanislaus anafungia nacho funguo za ghala, na akiulizwa husema ni cha kisasa sana.

Margareta hakukubali kuondoka hivihivi, msidhani amebadilika kiasi hicho. Alitaka kijaribiwe palepale, mbele ya macho yake. Jeremia akachomeka. Kikaingia bila kelele. Akaunganisha kioo, akafungua picha. Mshale ukapita kwenye paji la uso, ukapita kidevu, ukashuka mpaka kwenye jina, ukaenda zake. Yule mama wa simu iliyopasuka, ambaye naona amehamia pale, akasoma kwa sauti: "Mchele wa Margareta, Katindiuka, Ifakara." Kisha akauliza, "Margareta ndiye wewe?"

"Ndiye mimi," akasema. Hilo alilijibu haraka.

Jioni hiyo lebo zilitoka, moja baada ya nyingine, tukazibandika mpaka vidole vikashikana. Fuso likapakia.

Morogoro nilikwenda naye, maana meza nzuri inahitaji mtu wa kuisemea. Tulipanga mifuko, jina mbele. Asubuhi akaja mama mmoja mnene wa mjini, amebeba kikapu, akasimama mbele yetu, akatazama lebo, akamtazama Margareta, akatazama tena lebo kuhakikisha.

"Karibu, dada," Margareta akasema. "Unatafuta wa kupikia nini? Pilau? Wali wa nazi? Una shughuli?"

Yule mama akakaza uso. "Nataka mchele tu."

"Nakuuliza ili nikupe unaokufaa."

"Wewe unauza au unaandikisha watu?"

Nilijiinamia kufunga viatu, na siku hiyo nilikuwa nimevaa kandambili. Yule mama akaingiza mkono kwenye kikapu chake, akatoa bambo, dogo, linang'aa, akalielekeza juu ya mfuko, katikati kabisa ya jina la dada yangu.

Nikasema hapa leo pana vita. Jina lenyewe halijamaliza siku moja mezani, linatobolewa.

Margareta akamshika mkono kwa upole, akausogeza.

"Choma, dada yangu," akasema. "Lakini hapo juu utadanganywa. Anzia chini."